Kiziwi wa Kweli na Kiziwi wa Kesi

Katika viungo vyote alivyopewa mwanadamu, hakuna kilicho rahisi kusingiziwa kama sikio. Aliyevunjika mkono, mfupa wake waonekana kwa picha. Aliyekatwa kwa kisu, jeraha lake latazamwa na kila mtu. Lakini anayesema, "Mimi sisikii tangu siku ile niliyopigwa," tutamjuaje kama asema kweli? Sikio lake li pale pale, zima, halina damu wala kovu. Yeye peke yake na Mola wake ndio wajuao kilichomo ndani.

Swali hili si la mzaha. Juu yake husimama kifungo cha mtu, mali ya mtu na heshima ya mtu. Tukimwamini mwongo, twamdhulumu aliyeshitakiwa. Tukimkadhibisha mkweli, twamdhulumu mara mbili: kwanza amepoteza sikio, kisha apoteza haki yake na kuitwa mwongo mbele ya watu. Katika makala haya nataka kumweleza msomaji jinsi wanavyuoni wa fiqhi walivyolikabili swali hili karne nyingi zilizopita, jinsi madaktari wa leo wanavyolikabili kwa mitambo, na kwa nini naona pande hizi mbili zi karibu sana kuliko inavyodhaniwa.

Sinia la barazani

Mimi ni mtu wa Langoni, upande wa kusini wa mji wa Lamu. Kwetu mtu huishi kwa sikio. Vichochoro ni vyembamba, na punda aliyebeba mchanga au mawe huja nyuma yako kabla hujamwona, kinachokuokoa ni kusikia kwato zake na sauti ya mwenyewe akipiga "Simile!" Nyakati za siku twazijua kwa adhana. Na mwezi wa Maulidi ukiwadia, sauti ya matari kutoka Msikiti wa Riyadha, aliouasisi Habib Swaleh, humfikia hata mgonjwa kitandani. Mtu aliyenyimwa sauti hizi huwa yu mjini na hali hayumo.

Miaka kadhaa nyuma, kijana mmoja wa mtaani kwetu alipigwa kofi la sikio katika ugomvi wa gatini, mzigo ulipoanguka majini. Siku ya pili akasema sikio la kushoto limekufa. Jamaa wa mpigaji wakasema aongopa, ataka pesa. Wazee wakaitana barazani ili jambo limalizwe kabla halijafika mbali. Wakati kijana anaeleza, mzee mmoja alimpa mjukuu wake ishara, na yule mtoto akaliangusha sinia la bati nyuma ya kijana. Kijana akageuka. Baraza zima likaangua kicheko. "Kiziwi wetu amepona!" akasema mmoja, na kesi ikawa kama imekwisha.

Mimi nilikuwa nimeketi pale, na jambo moja halikuniingia. Kijana hakudai kwamba ni kiziwi wa masikio mawili. Sikio lake la kulia lilikuwa zima, na ndilo lililosikia sinia. Kipimo kile hakikupima chochote. Baadaye nilipouliza waliosoma, ndipo nilipojua kwamba kitabu kilichomo katika makabati ya misikiti yetu kilikwisha kulitatua jambo hilo zamani, na kwamba wazee wetu siku ile walikuwa wepesi kuliko kitabu chao.

Fiqhi yasemaje

Sisi watu wa pwani wengi wetu tu wafuasi wa Imamu Shafi. Miongoni mwa vitabu vinavyotegemewa sana katika madhehebu hayo ni Minhaj cha Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 huko Nawa, nchi ya Sham. Katika mlango wa dia, yaani fidia ya nafsi na viungo, usikizi umepewa thamani ya dia kamili, sawa na nafsi, ambayo asili yake ni ngamia 100. Sikio moja likipoteza usikizi, ni nusu yake. Tena usikizi ni kitu mbali na sikio lenyewe la nyama: aliyeyakata masikio ya mwenziwe na usikizi ukaondoka pia, yampasa dia mbili. Imepokewa pia kwamba Sayyidna Umar alihukumu dia nne kwa mtu mmoja aliyepigwa jiwe la kichwa akapoteza usikizi, usemi, akili na nguvu za kiume, naye yu hai.

Kwa nini thamani kubwa namna hiyo? Khatib Shirbini, aliyekishereheshea kitabu cha Minhaj na kufariki mwaka 1570, ataja kuwa wanafiqhi wengi walilitukuza sikio hata juu ya jicho, kwa kuwa jicho huona la mbele tu na huhitaji mwanga, bali sikio hupata habari kutoka pande zote sita, mchana na usiku.

Sasa, mtu akidai usikizi wake umeondoka, afanyiweje? Hapa ndipo penye ajabu. Haambiwi aape papo hapo. Kwanza hupimwa bila ya yeye kujua. Hupigiwa ukelele akiwa usingizini au ameghafilika, na jambo hilo hurudiwa kutoka pande mbalimbali, nyakati ambazo hana habari, mpaka hakimu apate dhana yenye nguvu. Akishtuka, dai lake limeporomoka. Asiposhtuka, ndipo huapa na kuchukua haki yake.

Lakini hata aliyeshtuka hakufungiwa mlango hivi hivi. Masherehe yasema kwamba mpigaji naye ataapa kuwa usikizi wa mwenziwe ungalipo, kwa sababu yawezekana mtu akashtuka kwa jambo jingine lililotukia wakati ule ule. Tazama uangalifu ulioje! Walijua kuwa kipimo chaweza kukosea, wakakiwekea mlinzi.

Na kwa sikio moja, kama la kijana wetu? Kitabu chasema sikio moja lizibwe na umbali wa sauti inayosikika kwa sikio la pili upimwe. Kisha mambo yageuzwe, lizibwe hili na kupimwa lile. Tofauti ya masafa ndiyo kiasi cha hasara. Sinia la barazani lingeangushwa baada ya kuziba sikio la kulia, huenda kicheko kisingetoka.

Yapo mambo mawili zaidi ambayo yafaa msomaji ayashike, kwani tutayarudia. La kwanza: wajuzi wakisema usikizi huenda ukarudi baada ya muda fulani, hukumu hungojewa. La pili: wajuzi wakisema nguvu ya kusikia ingalipo mahali pake ila njia ya sauti ndiyo iliyozibika, basi si dia kamili, ni fidia inayokadiriwa na hakimu.

Daktari na mitambo yake

Tuje sasa kwa daktari. Sauti huingia tunduni, hupiga kiwambo cha sikio, ule utando mwembamba uliowambwa kama ngozi ya ngoma. Nyuma ya kiwambo mna vijifupa vitatu vinavyopokezana mtikisiko hadi chumba cha ndani kilichojiviringa mfano wa konokono. Humo mna maji na vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, ambavyo hugeuza mtikisiko kuwa umeme wa kupitia mshipa wa fahamu mpaka ubongoni. Hasara ya njia, yaani kiwambo na vijifupa, ni jambo moja. Hasara ya chumba cha ndani na mshipa wake ni jambo jingine, zito zaidi, maana vinyweleo vya mwanadamu vikifa havioti tena. Msomaji ataona kuwa mgawanyo huu ni jamaa wa karibu wa ule wa wanafiqhi: njia iliyozibika, na nguvu yenyewe iliyoondoka.

Kipimo cha kawaida hospitalini huitwa odiometria. Mtu huvalishwa vipokea sauti katika chumba kimya, hupigiwa milio ya nguvu mbalimbali, na kila anaposikia hubonyeza kidude au huinua mkono. Nguvu ya sauti hupimwa kwa desibeli. Ni kipimo kizuri, lakini kina mwanya mmoja: chategemea ukweli wa anayepimwa. Asiyetaka kuinua mkono hatainua.

Ndipo wataalamu walipotafuta vipimo visivyomwuliza mtu neno. Hivi ndivyo vinavyotakiwa katika utabibu wa mahakama.

Cha zamani miongoni mwao, kilichobuniwa na daktari wa Kijerumani aitwaye Stenger kiasi cha mwaka 1900, ni cha werevu mtupu. Masikio mawili yakipigiwa mlio mmoja kwa wakati mmoja, mtu huusikia upande ule tu ulio na nguvu zaidi. Basi mtu aliyedai kwamba sikio la kushoto limekufa hupigiwa mlio mdogo kulia, mdogo lakini wa kumtosha kusikia, na mkubwa kushoto. Kama ni kiziwi wa kweli, atausikia wa kulia na kusema nasikia. Kama ni mwongo, atausikia wa kushoto peke yake; naye kwa kuchelea kukiri atanyamaza, wala hajui kwamba kulia nako kunalia. Kimya chake ndicho kinachomfichua. Kweli, njia ya mwongo ni fupi.

Vingine hutumia mwili wenyewe. Sikio likipigwa na sauti kubwa, msuli mdogo ulioshika kijifupa cha mwisho hujikaza wenyewe kama jicho linavyopepesa, na chombo kiitwacho timpanometa huweza kuuona mkazo huo kwa kupima jinsi kiwambo kinavyoupokea msukumo wa hewa. Chombo hicho pia huonyesha kama kiwambo kimetoboka au kama nyuma yake mna maji.

Mwaka 1978 mtaalamu wa London, David Kemp, alitangaza jambo ambalo wengi hawakuliamini mara moja: sikio zima halisikii tu, bali nalo hutoa sauti. Ukilipigia mlio mfupi, vinyweleo vya ndani hurudisha mwangwi hafifu sana unaonaswa kwa maikrofoni ndogo. Mwangwi ukipatikana, vinyweleo vile vi hai, apende mwenyewe asipende. Kipimo hiki sasa hufanyiwa watoto wachanga, ambao hawajui kusema kweli wala uongo.

Na kilichopata nguvu zaidi ni kile cha shina la ubongo, kilichobainishwa na Jewett na Williston huko Marekani miaka ya 1970 na 1971. Vipande vya waya hubandikwa kichwani, mtu hulala hata akasinzia, kisha masikio hupigiwa milio midogo mara mamia na maelfu. Kompyuta huchuja umeme wa ubongo na kuonyesha mawimbi yanayopanda moja baada ya jingine katika muda wa sehemu kumi tu za elfu moja ya sekunde. Sauti hupunguzwa hatua kwa hatua mpaka wimbi lipotee, na hapo ndipo huaminiwa kuwa karibu na mpaka wa usikizi wake. Je, msomaji haoni kwamba huyu ni yule yule aliyepigiwa ukelele usingizini? Tofauti ni kwamba zamani tulitazama mabega kushtuka, na leo twatazama shina la ubongo.

Wala mitambo hii haikuepukana na walinzi. Mwangwi wa sikio huonyesha uzima wa vinyweleo, lakini mtu aweza kuwa na vinyweleo vizima na mshipa uliokufa. Aidha kiwambo kilichotoboka huuzuia mwangwi usitoke, hata kama ndani ni kuzima. Kipimo cha shina la ubongo chenye milio mifupi huonyesha zaidi sauti nyembamba kuliko nene. Kwa hiyo daktari mwangalifu hatoi neno kwa chombo kimoja. Hulinganisha viwili vitatu. Tena hakuna hata kimoja kinachosema ni nani aliyeliharibu sikio. Kipimo chaweza kusema "huyu hasikii", hakiwezi kusema "fulani ndiye aliyempiga." Hilo lingali kazi ya mashahidi.

Polisi, kadhi na hakimu

Huenda msomaji akauliza: kama fiqhi imelieleza jambo hili vizuri hivi, mbona kesi ya kofi la sikio haiendi kwa kadhi wa Lamu? Sababu ni kwamba katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 170, imewaachia makadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Kumdhuru mtu ni jinai. Huenda polisi, kisha kwa hakimu.

Polisi humpa aliyeumia fomu iitwayo P3, naye daktari huandika ndani yake aina ya dhara na kiwango chake. Na kiwango hicho ndicho roho ya kesi. Sheria ya makosa ya jinai ya Kenya yahesabu kuharibika kabisa kwa hisi, kama kusikia, kuwa ni kulemaza, na kulemaza ni dhara kubwa ambalo adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha. Shambulio lililoleta madhara ya kawaida, mwisho wake ni miaka 5. Tena makosa madogo ya namna hii hakimu ana ruhusa ya kuyasuluhisha kwa fidia, jambo ambalo halipo kwa makosa makubwa. Basi tofauti baina ya suluhu ya barazani na maisha gerezani yaweza kuwa ni kiwambo chembamba kuliko ganda la kitunguu.

Kofi la sikio aghalabu hutoboa kiwambo. Tundu la kiwambo hupunguza usikizi, lakini peke yake haliui sikio kabisa. Na matundu mengi ya namna hii hujifunga yenyewe katika wiki chache hadi miezi michache, mradi maji yasiingie. Kwa hiyo daktari akiandika siku ya pili kwamba mtu amekuwa kiziwi wa maisha, ameharakisha. Na akiandika kwamba hakuna kitu kwa kuwa hakuona damu, amepuuza, maana pigo laweza kufika hadi chumba cha ndani. Njia ya haki ni kupima mapema, kisha kupima tena baada ya miezi mitatu au zaidi. Ngojea, walisema wanafiqhi. Ngojea, asema daktari.

Kijana wetu wa gatini alipelekwa Mombasa na ami yake: boti hadi Mokowe, kisha basi kupitia Witu, Garsen na Malindi. Alipimwa kwa vyombo. Ikaonekana sikio la kushoto lina tundu, usikizi umepungua lakini haukufa. Chumba cha ndani ki salama. Hakuwa mwongo kama walivyocheka barazani, wala hakuwa kiziwi kama alivyoogopa mwenyewe. Baada ya miezi mitatu tundu lilikuwa limefunga. Mpigaji alilipa nauli na matibabu, akaomba radhi mbele ya wazee wale wale. Sijui kama wote waliocheka walimwomba radhi. Nijualo ni kwamba kwa miezi mitatu aliitwa "kiziwi wa sinia", na jina hilo lilimuuma kuliko kofi.

Si makofi peke yake

Nisimalize bila ya kuwataja wanaopoteza masikio bila kupigwa na mtu. Wazamiaji kamba wa Kizingitini hushuka na kupanda majini siku nzima, na msukumo wa maji huwaumiza viwambo. Wachonga mawe wa Manda, mafundi wa mashine za mbao, manahodha wa boti za mashine, na wanaofanya kazi penye mitambo mikubwa tangu gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilipofunguliwa mwaka 2021, wote hawa huishi na kelele. Kelele huanza kwa kula sauti nyembamba, kwa hiyo mtu hajui mpaka siku asiposikia maneno ya mjukuu wake.

Kanuni za Kenya za mwaka 2005 zakataza mfanyakazi kukaa katika kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 katika siku, na sheria ya fidia za kazini ya mwaka 2007 yampa haki aliyeharibika kwa kazi yake. Lakini haki hiyo yahitaji ushahidi. Aliyeajiriwa leo na aombe masikio yake yapimwe kabla ya kuanza kazi, aweke karatasi yake vizuri. Miaka 10 baadaye, akiambiwa "huu ni uzee tu," atakuwa na cha kuonyesha.

Mitambo niliyoieleza haiko kila hospitali, na kwa mtu wa visiwani safari ya kuifuata ni gharama. Hata hivyo yapo yasiyohitaji mtambo. Aliyepigwa sikio aende kwa daktari siku ile ile, achukue P3, asitie maji wala mafuta sikioni, na arudi kupimwa tena. Wazazi na walimu waache kabisa kofi la uso, Mtume wetu (S.A.W.) amekataza kupiga uso, na sikio li ubavuni mwake. Na sisi wa mabaraza, tujizuie kuhukumu kwa sinia. Tukitaka kuwa mahakimu, basi tuwe mahakimu kama wale wa vitabuni: waliopima bila kumtegemea mdai, wakaliziba sikio moja ili kupima la pili, wakangojea muda, na hata baada ya yote hayo wakaogopa wasije wakamdhulumu mtu.